Mji Niliompa Mama Remedios

Neno analisema yeye kwanza, wala hasikiki. Mwenzake akilisema baada yake, watu wanatoa vitambaa wanafuta machozi. Ni nani?

Kitendawili hicho nilitegwa mwaka 2015, mwezi wa kumi, katika chumba cha mashine za kufulia, chini kabisa ya jengo letu la Burnsville, jimbo la Minnesota, huku Amerika. Aliyenitega alikuwa bibi mmoja mfupi, nywele nyeupe zote, amekaa juu ya kikapu chake cha nguo alichokipindua, ungedhani ni kiti cha askofu. Nilikuwa nimemwona mara nyingi kwenye lifti.

"Mimi si Mchina," aliniambia siku hiyo kabla sijafungua kinywa. "Ni Mfilipino, wa Iloilo. Na wewe si Msomali."

"Mimi ni Mkongomani," nikasema, nikaona haya kidogo, maana kweli nilikuwa nimemwita Mchina moyoni miezi yote ile. Naye alikuwa ameniita Msomali. Tukawa sawa.

Nilikuwa nakunja mashati ya kazi ya mwanangu Birindwa, na mjukuu wangu Héritière, anayeniita Koko, yaani bibi, amekaa juu ya meza anachezea simu. Huyo alikuwa na miaka kumi na minane, Kiswahili anakisikia chote, ila mdomo wake unatoa Kiingereza tu. Mimi sikumwacha. Nikisema Kiswahili, anaelewa, akijibu Kiingereza, naelewa nusu, maisha yanaendelea.

"Kitendawili," nikamwambia.

"Tega," akasema bila kuinua kichwa. Hilo neno moja hawezi kuliacha.

"Anavaa shuka jeupe miezi mitano. Akilivua, watu wote wanatoka nje kumsalimia."

"Majani, Koko. Majani chini ya theluji. Umekitega mwaka jana."

Bibi wa kwenye kikapu akauliza tunacheza mchezo gani. Héritière akamweleza, na uso wa yule mama ukafunguka kabisa. Kumbe kwao pia wanategana hivyo hivyo, watoto na wazee, hasa kwenye matanga na kwenye mavuno. Ndipo akanitega hicho nilichowaanzia nacho.

Nilisema redio. Akatikisa kichwa. Nikasema padri. Akacheka, akasema padri anasikika sana. Nikasema mwangwi, akasema mwangwi unakuja nyuma, yeye ametaja anayekuja mbele. Nikaona basi, nikafanya kama tunavyofanya kwetu.

"Nimeshindwa. Nakupa mji."

Hapo Héritière alipata kazi ya kueleza. Kwamba kwetu anayeshindwa kitendawili hachekwi bure, anatoa mji, na aliyetega anauchukua, anakaa nao kama mfalme, ndipo anatoa jibu. Mama Remedios, kwa maana hilo ndilo lilikuwa jina lake, Remedios Abucay, alishika shavu kwa mshangao.

"Mji mzima? Mji gani?"

"Uvira," nikasema. Sikufikiri, ulinitoka tu. Ndiko nilikozaliwa, na nina miaka ishirini sijapaona.

Alifumba macho, akauliza: "Una kanisa?"

"Unalo, na lina kengele."

"Una samaki?"

"Wa ziwani, watamu kushinda wote."

"Nauchukua," akasema. Lakini jibu akakataa kulitoa. "Hili haliambiwi, Inday. Linaonyeshwa."

"Umechukua mji na jibu umelikalia. Huo ni wizi, Mama."

"Ndiyo," akasema, akaanza kutoa nguo zake kwenye mashine.

Inday ni jina la kumwitia mwanamke mdogo unayempenda, huko kwao Iloilo. Yeye alikuwa na miaka sabini na tisa, mimi sitini na sita na wajukuu tisa. Nikaitwa Inday, na nilifurahi, msinicheke. Tangu siku hiyo kila tukikutana kwenye lifti aliniuliza, "Inday, Uvira yangu haijambo?" Nami namjibu, "Haijambo, Mama, mvua imenyesha," au, "Raia wako wanalalamika hujawatembelea."

Wiki kama mbili zilipita, Héritière akaniletea simu yake mpaka jikoni nikiwa nasonga ugali. "Koko, yule mama ameandikwa."

Ulikuwa ukurasa wa watu mashuhuri wa jukwaa la Ufilipino. Katikati palikuwa na picha ya msichana mwenye taji la karatasi, na macho yalikuwa yale yale ya kwenye lifti. Héritière alinisomea, kwa Kiingereza cha polepole anachoniwekea mimi. Mama Remedios alianza akiwa na miaka kumi na mitatu, kwenye michezo ya kuimba inayochezwa uwanjani mbele ya kanisa. Aliigiza miaka hamsini. Alifundisha watu wa vijijini kuigiza. Nchi yake ilimpa nishani.

Tulipanda ghorofa ya tatu, alikokuwa anakaa na binti yake muuguzi, tukamwonyesha. Alivaa miwani. Mimi nilidhani atatafuta jina lake, kumbe alianza kuwasalimia wenzake waliomo.

"Huyu ndiye aliyenifundisha kutembea. Nilidhani najua kutembea. Huyu alikosa pazia, akashona la magunia ya unga, na mpaka leo vijana wa Manila wanashona kama yeye. Huyu alitupakia kwenye lori la miwa, tukacheza juu yake kule mashambani, wakata miwa wamekaa chini na mapanga yao wanatutazama. Huyu, eh, huyu alikuwa mgomvi. Lakini alitunga maneno ambayo hata mvua ikinyesha watu hawaondoki."

Kila mmoja alikuwa na shukrani yake. Alipofika kwenye maelezo yake mwenyewe akayasoma mara mbili, akavua miwani.

"Hawakuandika kiti."

"Kiti gani, Mama?"

"Utakiona."

Sasa niwaambie shida yangu mimi, maana bila hiyo haya yote yangeishia kwenye lifti.

Binti yangu Maombi alibaki kambini Uganda na watoto wake. Sisi tulikuja 2010, yeye alikuwa ameshaolewa, jalada lake likawa lingine. Mtu mwenye kadi ya kijani, ya mkaazi asiye raia, hawezi kumwombea mtoto aliyeolewa ruhusa ya kuja. Raia anaweza. Kwa hiyo nilikuwa naitafuta karatasi ya uraia kama mtu anayetafuta ufunguo huku anasikia mtoto analia ndani ya nyumba.

Maswali ya uraia ni mia, kwenye randevu, siku ya kuonana na afisa, wanakuuliza kumi, upate sita. Mimi nilisoma mpaka darasa la sita tu, lakini kichwa changu kinakamata kitu kikiwa kitendawili. Basi mimi na Héritière tukayageuza yote mia. "Kitendawili." "Tega." "Nyota hamsini hazizimiki mchana." "Bendera, Koko." Akinishinda, nampa mji; nikimshinda, ananipa yeye, Chicago, Dallas, miji mikubwa mikubwa. Kufika Krismasi nilikuwa natawala nusu ya Amerika.

Randevu ilikuwa mwezi wa kwanza. Afisa alikuwa kijana mpole mwenye miwani. Kusoma nikapita, kuandika nikapita. Maswali yakaanza. Nikapata matano, nikakosa manne, likabaki moja. Akalisema haraka, kama wanavyosema wao, na mimi nikashika neno moja tu: mbili.

Kule kambini tulizoea kuambiana kwamba mtu wa kalamu akikuuliza, usisite. Anayesita anaonekana anatunga. Na kumwambia mkubwa "rudia", kwangu mimi ilikuwa kama kumwambia hajui kusema. Kimya kikaingia chumbani. Nilisikia saa ya ukutani. Kinywa changu hakikuvumilia, kikafunguka chenyewe, nikamwambia yule afisa kwa Kiingereza na kwa adabu zote:

"Nakupa mji. Chukua Uvira."

Aliangalia karatasi yake, akaniangalia mimi, akarudi kwenye karatasi. "Bibi," alisema taratibu, "sikuuliza mji."

Akaniandikia kwamba nitaitwa mara ya pili, na ya pili ndiyo ya mwisho. Nikikosa, naanza upya mwanzo kabisa.

Kwenye gari Héritière aliuliza swali lilikuwa nini. Nikasema nilisikia mbili, na labda ndefu. Akasema, "Koko, ni mito. Mito miwili mirefu, utaje mmoja. Mississippi. Tunauvuka kila Jumapili tukienda kanisani."

Nililia mpaka Burnsville.

Mama Remedios nilimkuta chumba cha kufulia, nikamsimulia yote nikiwa nimesimama na dumu la sabuni mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha uso wake ukawa mkali.

"Ulimpa Uvira?"

"Ndiyo."

"Uvira ni yangu. Unachukuaje mji wangu unampa afisa?"

Nikacheka na machozi yakiwa bado usoni. Naye hakucheka. Akaniuliza, "Una sauti, Inday?"

"Ninayo."

"Iko wapi? Mimi naona umesimama hapo kama mtu anayeomba radhi kwa kuchukua nafasi. Jumamosi twende Saint Paul."

Wafilipino wa huku walikuwa wanaandaa mchezo wa mateso ya Yesu, kama wanavyofanya kwao kabla ya Pasaka, katika ukumbi wa kanisa moja mjini humo. Walimwomba yeye awaongoze. Waigizaji walikuwa wauguzi, mpishi, fundi wa kompyuta kutoka Eden Prairie, watu wanaotoka kazini wamechoka. Nani ana muda wa kukariri? Hapo ndipo nilipokiona kiti.

Kilikuwa kiti cha mbao, cha kawaida tu, amekiweka jukwaani kabisa, pembeni kidogo, kinaelekea watu. Akakaa mwenyewe na kitabu cha maneno mapajani. Alisema neno, kwa sauti ya chini; mpishi, aliyekuwa Petro, akalingoja, akavuta pumzi, akalitoa kwa sauti kubwa mpaka nikasikia baridi mgongoni. Akasema lingine. Petro akalingoja tena.

"Apuntador," aliniambia tulipopumzika. Ndivyo anavyoitwa huyo mtu kwao, anayewatajia waigizaji maneno. "Zamani anafichwa nyuma ya pazia. Mume wangu Anselmo alifanya kazi hiyo miaka arobaini. Kila neno lililowaliza watu Iloilo, lilipita kwanza kinywani mwake. Na hakuna aliyemjua sura."

"Ndiye," nikasema. "Ndiye jibu la kitendawili."

"Ndiye. Alipozeeka sauti ikapungua, nyuma ya pazia hatukumsikia. Wenzangu wakasema tumpate mwingine. Mimi nikabeba kiti chake, nikakiweka mbele, jukwaani, kila mtu amwone. Siku ya kwanza watazamaji walizomea. Wakasema Remedios ameonyesha uchi wa mchezo. Siku ya pili wakanyamaza. Mwaka uliofuata vikundi vingine navyo vikatoa viti vyao nje. Wanaandika nishani, Inday. Mimi nilichokifanya ni kiti."

Akanipa sehemu. Mwanamke mwenye mtungi, anayempa maji yule anayebeba msalaba. Askari anajaribu kuyachukua, na mwanamke anamwambia kwa Kiingereza: Maji haya si yako. Basi, maneno manne.

Jumamosi ya kwanza alinisimamisha jukwaani, yeye akaenda kukaa mwisho wa ukumbi, karibu na mashine ya kahawa. "Mimi ni mzee," akasema. "Nimekuja kwa basi kutoka mbali, nimekosa nafasi mbele. Niambie mimi."

Nikasema.

"Umeviambia viatu vyako."

Nikasema tena.

"Sasa umemwambia askari. Askari yuko karibu, huyo hana shida. Mimi je?"

Wiki saba alinifanyia hivyo. Akanifundisha pia kukaa ndani ya kimya. Ananitajia neno, halafu ananizuia kwa kidole nisiseme, ananiacha nimesimama. Moja, mbili, tatu. Jasho linanitoka. "Nani amekufa?" ananiuliza. "Hakuna aliyekufa, Mama." "Umeona. Watu wanangoja. Watu hawana haraka kama unavyodhani."

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi kabla ya Jumapili ya Matawi. Ukumbi ulijaa, Wafilipino na sisi wa parokia, Birindwa amevaa suti, Héritière amekaa mstari wa kwanza na simu tayari. Mimi nina mtungi wangu na kitenge changu cha bluu. Yule mwenye msalaba akaanguka, nikampa maji, naye alikunywa kweli, maana alikuwa na kiu. Askari akanyoosha mkono. Mama Remedios akanitajia neno kutoka kwenye kiti, na wakati huo huo mtoto akalia ukumbini, na mimi sikusikia kitu.

Kimya kikaja. Kilikuwa kile kile cha saa ya ukutani. Nikahisi kinywa changu kinataka kufunguka chenyewe, na nikajua kabisa kikifunguka kitatoa nini. Kitatoa mji.

Nikakifunga. Nikamgeukia Mama Remedios, mbele ya watu wote wale, nikamwambia, "Tafadhali. Rudia."

Hakushtuka. Hakuna aliyeshtuka. Alirudia taratibu, kama jambo la kila siku, kwa maana kwake lilikuwa la kila siku. Nikavuta pumzi. Nikamtafuta mzee wa basi kule mwisho, karibu na mashine ya kahawa, ingawa leo alikaa mtu mwingine, nikamwambia yeye: Maji haya si yako.

Nasikia askari alirudi nyuma hatua mbili. Haikuwa kwenye mchezo. Aliniambia baadaye ni miguu yake ilifanya.

Mwisho wa mchezo tulijipanga mstari kuinamia watu. Mama Remedios akanyanyuka kitini na kuja katikati, kitabu mkononi, watu wakamshangilia yeye kuliko Petro. Kumbe zamani ndivyo alivyokuwa anamleta Anselmo katikati, mbele ya watu.

Randevu ya pili ilikuwa mwezi wa nne mwanzoni, theluji chafu bado pembeni ya barabara. Mama Remedios alikuja nasi, akakaa chumba cha kungojea pamoja na Héritière. Nilipoitwa hakuniambia nijitahidi. Aliniambia, "Mtafute mzee wa basi."

Afisa alikuwa mwingine, mama mwenye mkufu wa lulu. Nilikaa wima. Nikapata la kwanza, la pili. La tatu nikakosa, nikaliacha lipite. Nikafika matano. Akauliza lingine, na likapita masikioni mwangu kama gari kwenye barabara kuu. Nikashika neno moja, Kanada.

Moja. Mbili. Tatu. Hakuna aliyekufa.

"Tafadhali, mama," nikamwambia. "Rudia."

Hakukunja uso. Aliinama kidogo mbele, akarudia taratibu, neno kwa neno, na macho yake yalikuwa yananisubiri. Wallahi kwa sekunde ile nilikiona kiti cha mbao chini yake. Alikuwa anauliza nitaje jimbo moja linalopakana na Kanada.

Nikavuta pumzi. "Minnesota," nikasema, nikaonyesha sakafu kwa kidole asije akadhani nabahatisha. "Hapa."

Akacheka. Akasema inatosha, nimepata sita, hana haja ya kuendelea. Nikamshukuru kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa, maana Kiingereza peke yake hakikutosha.

Nilipotoka, Héritière alisimama. "Koko?" akasema. Na kisha, kwa Kiswahili, kilichokuwa kimelala tumboni mwake miaka yote ile: "Umepita?"

Nilimwendea Mama Remedios, nikamshika mkono, nikamnyanyua kwenye kiti chake cha plastiki, nikamvuta katikati ya chumba cha kungojea. Tukawainamia watu. Walikuwa kama ishirini, kila mtu na bahasha yake na hofu yake, hawatujui kabisa. Mmoja akaanza kupiga makofi, labda kwa adabu tu, halafu wote wakapiga. Mlinzi alisogea, akatutazama, akarudi mlangoni kwake.

Kwenye maegesho tulimpigia Maombi. Kwao jua lilikuwa linazama, tulisikia watoto wake wakigombania simu. Nikamwambia njia imefunguka, ni ndefu, lakini sasa jina langu linaweza kuandikwa juu ya jina lake. Hakusema kitu. Zamani ningejaza kimya hicho kwa maneno. Nilimngoja mpaka alipomaliza kulia.

Tulipofika Burnsville, kwenye lifti, Mama Remedios akanishika kiwiko.

"Inday, jibu umelipata, mwenyewe, kwa kuonyeshwa. Kwa hiyo mji sina haki nao tena. Chukua Uvira yako."

Niliufikiria. Nilifikiria kengele, na samaki wa ziwani, na nyumba ya baba ambayo sijui kama bado imesimama. Miaka ishirini nilikuwa nimeubeba mji huo peke yangu kama mzigo usio na pa kuutua, mpaka alipokuja mtu kuniuliza kila siku kama haujambo.

"Kaa nao, Mama," nikamwambia. "Unautunza vizuri. Ila nikipitia, unifungulie."

"Nitakuwekea kiti," akasema, na lifti ikasimama ghorofa yake.